"Tutawasaidia": Kiambishi Kimoja katika Ahadi za Mgombea wa Katiye

Mwezi Agosti 2025, siku chache kabla ya uchaguzi wa vilima na katiye, nilikwenda kumsikiliza mgombea mmoja wa kwetu Buyenzi. Sikupelekwa na mapenzi ya siasa. Tulikuwa tumepewa zoezi la kukusanya Kiswahili kinavyosemwa nje ya darasa, nami nikaona hakuna mahali Kiswahili cha Buyenzi kinamwagika kwa wingi kama mbele ya mtu anayeomba kura. Nikachukua daftari, nikaketi kwenye benchi la fundi mmoja wa magari, nikaanza kuandika.

Mgombea mwenyewe ni mtu mwema, na ni vizuri niseme hivyo mapema kwa sababu nitamkosoa sana. Simtaji jina. Ni mzee wa watu, huhudhuria misiba, na wapo majirani wawili wanaotembelea magongo aliyowanunulia kwa fedha zake. Alizungumza kama nusu saa, akichanganya Kiswahili na Kirundi, na Kifaransa kidogo pale alipotaka tumwone msomi. Alizungumzia maji yanayokatika, wezi wa usiku, taka, na magari mabovu yanayoegeshwa barabarani hadi mtu hana pa kupita. Yote hayo aliyasema vizuri. Kisha, alipokuwa anakaribia kumaliza, macho yake yakamwangukia baba yangu mdogo.

Baba mdogo alikuwa pembeni, juu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu ambayo huiendesha kwa mikono. Aliugua polio akiwa mtoto. Kwa wasomaji wanaodhani ugonjwa huo ni habari ya zamani: mwezi Machi 2023 serikali yetu ilitangaza mlipuko wa polio, wa kwanza nchini baada ya zaidi ya miaka 30. Baba mdogo anashona viatu na ana wateja kutoka Bwiza hadi Nyakabiga. Hakuna hata siku moja niliyomwona akiomba.

Mgombea alipomwona, akaongeza sehemu ambayo naamini hakuwa ameipanga. Akasema hatawasahau walemavu na wengine wasiojiweza. Akasema tutawasaidia, tutawatafutia wafadhili, tutawaletea baiskeli, tutawakumbuka siku za sikukuu. Akamalizia kwa methali tunayoijua sote, hujafa hujaumbika. Watu wakaitikia, wakapiga makofi. Baba mdogo naye akapiga makofi. Sehemu hiyo haikuzidi dakika mbili, na ndiyo ninayotaka kuihakiki hapa, kwa zana zile zile tunazotumia kuhakiki shairi au hadithi. Nionavyo, msimamo wa mgombea kuhusu haki za watu wenye ulemavu haukuwa ndani ya ahadi zake. Ulikuwa ndani ya sarufi yake.

Tuanze na vitenzi. Tutawasaidia, tutawatafutia, tutawaletea, tutawakumbuka. Mtenda ni mmoja katika vyote, tu-, yaani yeye na wenzake. Mtu mwenye ulemavu yumo katika kila kitenzi, lakini amekaa katikati, kwenye -wa-, mahali pa shamirisho. Anatafutiwa, analetewa, anakumbukwa. Nilirudia daftari langu mara mbili nikitafuta sentensi moja ambamo mtu mwenye ulemavu anafanya jambo: anachagua, anadai, anakataa, anasema, anajenga. Nilipata moja tu. Ni lile neno wasiojiweza. Ukilichambua utaona kwamba hapo hatimaye wamekuwa watenda, wa- imekaa mwanzoni inapostahili, ila kitenzi chenyewe ni cha kukanusha. Katika hotuba nzima tendo pekee lililofanywa na watu wenye ulemavu ni kutoweza.

Kiambishi -wa- kina jambo jingine ambalo wanafunzi wa Kiswahili tunalijua lakini hatulifikirii sana. Katika nafasi ya shamirisho kinaweza kuwa "ninyi" na kinaweza kuwa "wao". Ndugu zetu wa Kirundi wana -ba- yenye tabia hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu akisema "tutawasaidia" huwezi kujua kwa kusoma tu kama anazungumza na watu au anazungumza juu yao. Utajua kwa macho yake. Mimi nilikuwepo, nikayaona. Mgombea alimtazama baba mdogo mara moja, ile mara ya kumgundua, kisha akageuza uso kwetu sisi wenye miguu, akatuahidi sisi yale yote. Mtu alikuwa hatua nne kutoka kwake, mpiga kura mwenye kadi mfukoni, na bado alikuwa "wao". Kama angesema "tutawasaidieni" ningekuwa na malalamiko machache zaidi.

Sasa majina. Kiswahili kimewaweka kipofu, kiziwi, kiwete, kilema na kibogoyo pamoja na kiti na kisu kwa umbo la neno, ijapokuwa upatanisho tunaotumia ni wa watu: kiziwi amefika, si kimefika. Mtu akitaka kutukana huurudisha upatanisho wa vitu, akasema kiwete kile kinakuja, na kila mtu anasikia tusi bila kufundishwa. Kirundi kinafanya vivyo hivyo kwa ikimuga na ikiragi. Lugha zetu mbili ni majirani hata katika kosa hili. Ndiyo sababu wanaharakati walipendelea mlemavu, neno la ngeli ya watu, na baadaye mtu mwenye ulemavu, ambalo linamtanguliza mtu. Mgombea alisema walemavu. Kwa kipimo cha Buyenzi huo ni uungwana, maana barazani kwetu hulisikii neno hilo kila siku.

Lakini hapa lazima nijikosoe mwenyewe. Nilipomwonyesha baba mdogo uchambuzi huu wa ngeli, akacheka. Akaniambia: "Mimi ni kiwete. Niite kiwete, hainiumi. Lakini fomu walipokuwa wanazitoa, mbona hukunichukulia?" Nitalirudia swali hilo baadaye, kwa sababu linanihusu kuliko ninavyopenda.

Methali nayo ina yake. Hujafa hujaumbika ni methali nzuri kwa kazi iliyokusudiwa, kumzuia mtu asicheke maumbile ya mwenzake. Inamwambia mzima: usijione, umbo lako halijaisha, lolote linaweza kukupata kabla ya kufa. Basi tazama inamtendea nini yule aliyekwisha kupatwa. Inamgeuza onyo. Huruma inayotoka humo ni ya mzima kujihurumia mwenyewe mapema, kwa ajali ambayo huenda ikaja. Mtu anayemsaidia jirani kwa sababu ya methali hii anaweka akiba. Mimi siikatai methali, wala sidai wahenga walikosea. Ninasema kwamba haiwezi kuwa msingi wa siasa, kwa sababu katika siasa swali ni nini ninakudai na nani atanilipa, na methali hii haimpi mtu dai lolote.

Madai yenyewe yapo, na mgombea hakuhitaji kuyabuni. Ibara ya 22 ya Katiba ya Burundi ya 2018, kama ile ya 2005, inakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya ulemavu wa mwili au wa akili. Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2014, na tarehe 10 Januari 2018 ikatoka sheria namba 1/03 ya kukuza na kulinda haki za watu wenye ulemavu. Ibara ya 29 ya Mkataba inahusu hasa jambo tulilonalo: haki ya kupiga kura, haki ya kusaidiwa kupiga kura na mtu uliyemchagua wewe mwenyewe ukitaka msaada, na haki ya kugombea, kushika wadhifa na kuufanyia kazi. Kugombea! Neno hilo halikutajwa kabisa na mgombea wetu alipofika kwa walemavu, ingawa ndilo tendo alilokuwa akilifanya mwenyewe wakati ule ule, amesimama juu ya kreti ya soda.

Tena si kwamba nchi hii haijui thamani ya kuwepo. Tumejifunza kwa damu. Tangu Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 tumekubali kwamba asiyekuwa ndani ya chumba hasikiki, na Katiba imegawa viti kwa hesabu: katika Bunge, Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, wanawake wasiopungua asilimia 30, na Batwa 3 wanaoongezwa baada ya uchaguzi. Hata orodha za vyama zina kanuni: katika majina matatu yanayofuatana, si zaidi ya mawili yawe ya kabila moja. Tumehesabu kila kitu isipokuwa hiki. Vita vilivyoanza 1993 viliwaachia watu ulemavu bila kuuliza kabila, na huenda ndiyo sababu hesabu iliwapita. Hawakuwa upande wowote wa meza.

Katika uchaguzi wa wabunge wa Juni 2025, ambapo chama tawala kilichukua viti vyote 100 vilivyopigiwa kura, mlango wa mtu kama baba mdogo ulikuwa ni nafasi yake katika orodha ya chama, na orodha hutengenezwa na wengine. Uchaguzi wa katiye ni tofauti. Huko hakuna orodha ya chama. Kila mgombea anasimama peke yake kwa jina lake, watano wa juu wanaingia barazani, na aliyepata kura nyingi zaidi ndiye mkuu wa katiye. Ni ngazi ya chini kabisa ya siasa yetu na haina fedha za kutamanisha, lakini ndiyo ngazi pekee ambayo fundi viatu anaweza kuifikia bila kupigia mtu magoti.

Nasema hivi kwa sababu baba mdogo alitaka kugombea. Alitaja jambo hilo mapema mwaka ule, jioni moja, akiwa anakata ngozi. Alisema watu wa avenyu yetu wanamjua, viatu vyao vyote vimepita mikononi mwake, na kwamba anasikia mengi kwa sababu mtu anayesubiri kiatu huongea. Shangazi akanyamaza. Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema: baba mdogo, nani atakupigia? Watu watadhani unatafuta msaada. Nilisema kwa upole, na niliamini ninamlinda asiaibike. Hakubishana. Hakulitaja tena mpaka siku ile niliyomletea uchambuzi wangu wa ngeli za majina.

Basi ninapomhakiki mgombea, nihakikiwe na mimi. Yeye angalau alisema tutawasaidia hadharani. Mimi nilikaa sebuleni nikamwondoa mtu katika nafasi ya mtenda kwa sentensi moja yenye maneno manne, na kumbe nilikuwa nimeshafaulu mtihani wa sintaksia.

Nilianza kutafuta majirani zetu wamefanya nini, nikiwa na nia ya kujitetea, kusema ukweli. Nilitaka kuona kwamba watu wenye ulemavu huingia madarakani kwa kuteuliwa tu, na kwamba kwa hiyo nilikuwa sahihi kumzuia baba mdogo asipoteze nguvu. Nilichokikuta kilikuwa na sura nyingi.

Uganda ndiyo iliyotangulia. Tangu 1996 kuna viti 5 bungeni vya watu wenye ulemavu, na katika mabaraza ya chini sheria ya serikali za mitaa ya 1997 inataka wawakilishi wao wawepo, mwanamume na mwanamke. Kwa njia hiyo ndipo Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, alipoingia Bunge la Kampala mwaka 1996, na tangu hapo wabunge wenzake wakalazimika kuzoea kuona lugha ya alama ndani ya ukumbi. Viti hivyo havichaguliwi na wapiga kura wote bali na baraza la watu wenye ulemavu wenyewe. Kuna wanaosifu na kuna wanaolalamika kwamba baraza dogo ni rahisi kushikwa na chama. Mimi naona malalamiko hayo yana uzito. Hata hivyo, katika mabaraza ya vijijini Uganda mtu mwenye ulemavu ana kiti chake, na kiti hicho hakitokani na huruma ya mwenyekiti.

Rwanda ina kiti kimoja kati ya 80. Kenya iliandika katika ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 kwamba angalau asilimia 5 ya wanachama wa vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu, lakini ikaongeza kwamba itekelezwe hatua kwa hatua, na sote tunajua hatua kwa hatua ni safari ya aina gani. Mfano wa Kenya unaonifundisha zaidi ni Isaac Mwaura, mtu mwenye ualbino, aliyeteuliwa mbunge na chama cha ODM mwaka 2013 kisha seneta na chama cha Jubilee mwaka 2017. Mwaka 2021 Jubilee kikamfukuza uanachama, kiti chake kikaingia mashakani, na kesi zikafuata mahakamani. Sitaki kuingia katika ugomvi wao. Ninachoona ni kwamba aliyekuteua anaweza kukuteua na kinyume chake. Uteuzi nao una mtenda na mtendwa.

Halafu nikafika Lindi, na hapo utetezi wangu ukaanguka.

Wasomaji wa rika langu hawakumbuki vizuri hofu ya miaka ile. Kuanzia 2007 hivi, upande wa Ziwa Tanzania, watu wenye ualbino walikuwa wakiuawa kwa ajili ya viungo vyao, na balaa hilo likavuka mpaka likaingia kwetu. Mwaka 2009 mahakama ya Ruyigi iliwatia watu hatiani kwa mauaji ya namna hiyo. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alikuwa amemteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, na uteuzi huo ulikuwa na maana kubwa: mtu aliyekuwa anawindwa amewekwa mahali pa kutunga sheria. Siudharau. Lakini tarehe 31 Oktoba 2010 kikatokea kitu cha aina nyingine. Salum Khalfani Barwany, mtu mwenye ualbino, aligombea ubunge Lindi Mjini kwa tiketi ya CUF, chama cha upinzani, akashinda. Alikuwa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa mbunge wa jimbo nchini Tanzania.

Hebu tulitazame tukio hilo kwa makini, maana ni rahisi kulipita kwa kusema "hongera". Hakukuwa na kiti kilichotengwa. Hakukuwa na rais wa kumteua. Chama chake hakikuwa na dola. Watu wa mji mdogo wa pwani ya kusini, wavuvi na wafanyabiashara na mama lishe, waliingia kwenye chumba cha kura mmoja mmoja, na wengi wao wakamwekea alama yeye, katika nchi ambayo jamii yake ilikuwa inauawa kama wanyama. Nimejiuliza ni wangapi kati ya ndugu zake waliomwambia kabla ya kuchukua fomu: nani atakupigia? Bila shaka walikuwepo. Kila familia ina msomi wake.

Miaka mitano baadaye, 2015, hakurudi bungeni, na hilo nalo napenda liandikwe. Mtu anayeweza kushinda anaweza kushindwa. Wengi tunadhani kushindwa ndiyo aibu ya kumwepusha nayo mtu mwenye ulemavu, hivyo tunamzuia mlangoni. Kumbe kushindwa kwa kura ni mambo ya kawaida ya wagombea wote, hata wale wenye miguu miwili na kreti ya soda. Kitenzi gombea chenyewe ni ndugu wa gomba na gombana. Kuna kusukumana ndani yake. Hakuna anayegombea bila kuukubali uwezekano wa kuangushwa, na anayemwondolea mwenzake uwezekano huo amemwondolea kitenzi chote.

Nilipowasomea wenzangu rasimu ya makala hii darasani, mmoja alinipinga kwa nguvu, na pingamizi lake ni zuri. Alisema: kiambishi hakijengi njia. Huyo mgombea akisema wa- au -wa-, mtaro mbele ya nyumba ya baba yako mdogo ni ule ule, na akimpa baiskeli mpya baba yako mdogo atafurahi kuliko akipewa uchambuzi. Nchi ni maskini, aliongeza, na maskini hula msaada, hali sarufi.

Namjibu kwa mtaro huo huo. Wanaoijua Buyenzi wanajua kwamba mitaro hupita kandokando ya avenyu zetu, na kwamba watu huweka mbao au vipande vya zege ili wavuke kuingia nyumbani. Ubao unaomfaa mtu wa miguu haumfai mtu wa magurudumu matatu: ni mwembamba, na mvua za Aprili zikija unateleza au unachukuliwa. Baba mdogo huzunguka avenyu mbili ili atoke. Ahadi ya mgombea ilikuwa kuleta baiskeli. Baiskeli anayo. Kama baba mdogo angeulizwa, au kama angekuwa yeye anayehutubia, katiye ingesikia kwamba kinachotakiwa ni zege pana mahali patatu, jambo ambalo baraza la katiye linaweza kulifanya kwa mchango wa wakazi na Jumamosi moja ya kazi za maendeleo. Msaada wa mgombea ulikosea kwa sababu sentensi yake ilikosea. Alianza na mletaji akamaliza na kinacholetwa, na katikati hakukuwa na mtu wa kumwambia kisichotakiwa.

Na si mtaro tu. Mikutano ya katiye inatangazwa kwa karatasi inayobandikwa ukutani, ambayo kipofu haisomi, na kwa kipaza sauti, ambacho kiziwi hakisikii. Hapo hapahitajiki mfadhili. Panahitajika mtu barazani ambaye jambo hilo linamuuma mwenyewe. Mwenzangu alikubali la mtaro, akakataa la sarufi, tukaachana hapo. Yeye bado anaona nimeanza na lugha kwa sababu lugha ndiyo ninayosomea, na fundi wa nyundo huona misumari kila mahali. Huenda.

Kuna wasiwasi mmoja zaidi ambao sijautatua. Nikidai viti vitengwe barazani kama Uganda, je, sitakuwa nimemrudisha baba mdogo kwenye -wa-, mtu anayetengewa? Na nikisema kila mtu agombee mwenyewe kama Barwany, je, sitakuwa nimeukubali ule ubao mwembamba, kwamba atakayevuka avuke? Kwa sasa naegemea upande wa kutenga, kwa sababu Lindi ilitokea mara moja na sheria ya Uganda inatokea kila uchaguzi. Lakini naegemea bila furaha. Wahadhiri wetu wa sheria wangetusaidia hapa kuliko sisi wa lugha.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 25 Agosti. Chumba cha kupigia kura nilichopangiwa kilikuwa na ngazi nne. Mbele yangu vijana wawili walimwinua mzee mmoja na kiti chake wakampandisha, wakicheka naye, naye akiwaelekeza wasimgonge ukutani. Walikuwa na adabu. Nilisimama kwenye foleni nikifikiri kwamba huo ndio uraia wetu kwa sasa, kubebwa kwa adabu. Mgombea wetu aliingia barazani.

Wiki chache baadaye nilikutana naye kwa muuza mkate. Nikajikaza, nikamwamkia, nikamwambia habari ya zege pana mahali patatu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukasirika. Akasema: "Mwambie baba yako mdogo aje kwenye mkutano wetu aeleze mwenyewe." Nilifurahi, kwa kuwa alisema aje na alisema aeleze. Nilikimbia nyumbani nikampa baba mdogo ujumbe. Alikuwa anapaka gundi kwenye soli. Akauliza mkutano unafanyika wapi. Nikamtajia jengo. Akauliza ghorofa ya ngapi.

Alikwenda. Alituomba mimi na binamu yangu tumpandishe, na kwenye ngazi alitusimamisha mara mbili, si kwa kuchoka, bali ili ahesabu. Kumi na tisa. Alipopewa nafasi ya kusema alianza na hizo kumi na tisa, kabla ya mtaro.